Kumchagua ishta-devata na kumwabudu nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Anayeingia hekalu la Kihindu kwa mara ya kwanza hukutana na wengi kwa pamoja: Ganesha mwenye kichwa cha ndovu, Shiva katika umbo la linga, yaani nguzo fupi ya mviringo, Hanuman mwenye umbo la nyani aliyepakwa rangi ya chungwa, Devi, Mungu Mama, juu ya simba. Swali linalofuata huwa lile lile: mimi nianze na nani? Waja wamelijibu kwa karne nyingi. Anza na mmoja, yule ambaye moyo wako umemwelekea, umshike. Huyo ndiye ishta-devata wako, na mwongozo huu unahusu namna ya kumpata na namna ya kuishi naye siku hadi siku.

Kumshika mmoja si kuwatupa wengine. Rigveda, kitabu cha kale cha nyimbo takatifu (1.164.46), inasema kilichopo ni kimoja, wenye hekima wanakiita kwa majina mengi. Katika Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna (7.21), Krishna anaahidi kwamba umbo lolote ambalo mja anataka kuliabudu kwa imani, yeye mwenyewe ndiye anayeiimarisha imani hiyo. Na waja wa madhehebu ya Smarta wameliweka jambo hili mezani kabisa: katika ibada yao iitwayo panchayatana huwaweka Shiva, Vishnu, Devi, Surya (mungu jua) na Ganesha kwenye sinia moja, ila anayekaa katikati ni yule ampendaye mwenye nyumba. Wanne waliobaki hukaa pembeni na kupewa heshima yao. Jirani akibadilisha wa katikati, sinia ni lile lile.

Hanuman anasimuliwa kuwa alisema hivi: najua Bwana wa Lakshmi (Vishnu) na mume wa Sita (Rama) ni Nafsi Kuu moja, hata hivyo changu chote ni Rama mwenye macho ya yungiyungi. Ukiielewa kauli hiyo umeshaelewa nusu ya safari.

Hatua ya kwanza: weka kando haja zako

Watu wengi huchagua kwa orodha ya mahitaji. Anayetaka mali anamwendea Lakshmi, mwenye mtihani anamwendea Saraswati, anayefungua duka anamwendea Ganesha. Dua hizo ni halali na hakuna mja anayezikataa. Lakini ishta ni jambo jingine. Ishta ni yule utakayemwendea hata siku ambayo huna cha kuomba. Ukimchagua kwa sababu ya mkopo wa benki, mkopo ukiisha na ibada itaisha.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize: nikiondoa shida zangu zote, ni nani ningependa tu kukaa mbele yake?

Hatua ya pili: anza na wa nyumbani kwenu

Kama umezaliwa katika familia ya Kihindu, waulize wazee juu ya kuladevata, mlinzi wa ukoo. Familia nyingi za Kigujarati zilizotia nanga Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala zilikuja na kuldevi wao, yaani mlinzi wa kike wa ukoo: Ambaji kwa hawa, Khodiyar au Chamunda kwa wale. Bibi au shangazi ndiye anayejua kwa kawaida, tena anajua na siku ya kumpikia. Kuladevata hapaswi kuachwa hata ukipata ishta mwingine. Yeye hutajwa na kusalimiwa kabla ya ishta, kama mzee wa nyumba.

Wakati mwingine ishta anakuja kupitia mtu asiye wa ukoo. Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, alikuwa mtoto mwoga wa giza na mizimu. Mlezi wake, mtumishi wa nyumbani aliyeitwa Rambha, alimfundisha ataje jina la Rama kila hofu inapomjia. Hofu ya utotoni ilipita, jina likabaki naye maisha yake yote. Kumbuka ni nani aliyekufundisha jina lako la kwanza la Mungu, na ni jina gani.

Kama hukuzaliwa humo na umevutwa na njia hii ukubwani, huna kuladevata wa kuuliza, na hilo si kasoro. Ingia moja kwa moja hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: sikiliza visa, kwa muda mrefu

Hapa ndipo pa kukaa bila haraka. Huwezi kumpenda usiyemjua, na miungu ya Kihindu hujulikana kwa visa vyao. Msikilize Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyekubali miaka 14 ya uhamishoni msituni ili neno la baba yake lisivunjike. Msikilize Krishna wa Vrindavan, mtoto mwizi wa siagi anayewachekesha mama wa kijiji, na yule yule akiwa mkubwa anashika hatamu za farasi vitani na kumpa shujaa Arjuna mafundisho ya Gita. Shiva alikunywa sumu iliyotoka baharini wakati bahari ya maziwa ikisukwa, akaizuia kooni ili viumbe wasiangamie, na koo lake likawa la buluu. Durga alipigana na Mahishasura aliyejigeuza nyati, na ushindi wake husherehekewa kwa usiku tisa wa Navaratri. Watamili wana Murugan mwenye mkuki, na kilima chake cha Palani.

Mimi kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Vitthal, umbo la Krishna, wa Pandharpur, huko Maharashtra. Mungu alikuja kumtembelea Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake. Pundalik hakuacha kazi. Alirusha tofali nje ya mlango, akamwomba mgeni asimame juu yake angoje. Naye akangoja. Mpaka leo sanamu ya Vitthal imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, na kila mwaka katika mwezi wa Ashadha malaki ya watu hutembea kwa miguu hadi Pandharpur wakiimba nyimbo za watakatifu washairi Tukaram na Dnyaneshwar. Mungu anayemsubiri binadamu amalize kuwahudumia wazazi wake! Mtu aliyelea mgonjwa nyumbani ataelewa kwa nini kisa hiki kinaweza kumfunga moyo.

Unaposikiliza, angalia mambo mawili. Kisa kipi kinakurudia ukiwa jikoni au ndani ya daladala, bila wewe kukiita? Na ukishtuka, ulimi unataja nani? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Wapo wanaokwenda kwa mnajimu asome nyota zao na kuwaambia ishta wao ni nani. Elimu hiyo ipo na ina wenyewe. Ichukue kama ushauri. Mnajimu akikutajia mungu ambaye moyo wako haumjui kabisa, huna deni.

Hatua ya nne: nenda ukamwone

Darshani ni kumwona Mungu na kuonwa naye. Nenda hekaluni wakati wa arati, ibada ya kuzungusha moto mbele ya mungu, asubuhi au jioni, maana ndipo pazia linakuwa wazi. Vua viatu, nawa, gonga kengele kama ipo, kisha simama mahali ambapo macho yako yanakutana na macho ya murti, yaani sanamu ya mungu. Usifumbe macho haraka. Wengi hufanya hivyo kwa mazoea ya sala nyingine. Hapa kutazama ndiyo sala yenyewe. Kaa dakika kadhaa. Ukiondoka, rudi hatua mbili tatu kinyumenyume kabla ya kugeuka.

Zungukia mahekalu tofauti ikiwezekana. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yako ya Shiva, ya Swaminarayan, ya Krishna na ya Devi, na mgeni mwenye adabu hupokelewa.

Hatua ya tano: jaribu kwa siku 41

Ukishahisi ni nani, mpe muda. Waendao Sabarimala, Kerala, kwa mungu Ayyappa hushika nadhiri ya siku 41 kabla ya kupanda mlima, na kipimo hicho kinamfaa hata anayeanza nyumbani. Weka picha moja, taa moja, jina moja, na saa ile ile kila siku. Usiongeze kitu. Siku za mwanzo huwa tamu, za katikati huwa kavu, na ukavu huo usikutishe.

Siku 41 zikiisha na bado unahisi unaongea na mgeni, hakuna dhambi kujaribu umbo jingine. Kibaya ni kubadilisha kila wiki kwa kuwa umesikia wimbo mpya. Mshika mbili moja humponyoka. Lakini ukigundua kwamba siku uliyokosa kuwasha taa umeona pengo, basi umeshampata.

Hatua ya sita: amua wewe ni nani kwake

Hatua hii huachwa na miongozo mingi, nami naiona ni ya lazima. Mungu ni nani kwako: mama, bwana, rafiki, mtoto, mpenzi? Wafuasi wa Chaitanya (1486–1534) huko Bengal wamezieleza hali tano za mapenzi haya: utulivu, utumishi, urafiki, malezi na mahaba. Hanuman ni mtumishi wa Rama. Arjuna ni rafiki wa Krishna. Ramakrishna (1836–1886), kuhani wa hekalu la Dakshineswar la Kali, umbo kali la Devi, alilia mbele ya Kali kama mtoto anavyomlilia mama. Mirabai, mshairi mja wa Krishna, alimwita Krishna mume wake.

Uhusiano huu unaamua hata vitu vidogo. Waliopokea njia ya Vallabha (1479–1531), wakiwemo Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki, humlea Krishna kama mtoto: murti yake ndogo ya shaba huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa nguo za msimu, hulishwa na kulazwa. Katika hekalu la Shrinathji huko Nathdwara, Rajasthan, pazia hufunguliwa mara nane kwa siku kufuata ratiba ya mtoto huyo. Nyumbani, mama anayemlea Krishna hivyo humvalisha nguo nzito baridi ikiingia. Anayemwona Mungu kama mfalme hatafanya hivyo. Atasimama mikono imefungwa. Vyote viwili ni ibada kamili.

Hatua ya saba: andaa mahali

Rafu safi inatosha, upande wa mashariki au kaskazini-mashariki wa nyumba kama nafasi inaruhusu. Isiwe chini ya ngazi wala ukutani mwa choo. Picha iwe usawa wa macho yako unapokaa. Ukitaka murti, mila inapendekeza ya nyumbani isizidi shubiri. Murti kubwa iliyofanyiwa ibada ya kutiwa uhai, kama ile ya hekaluni, inadai huduma kila siku bila kukosa, na nyumba nyingi haziwezi. Picha haina deni hilo. Kwa anayeanza nashauri picha.

Vifaa ni vichache: taa ya mafuta, utambi wa pamba, samli, udi, kengele ndogo, chombo cha maji, kisahani cha chakula ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine, na sandali au liwa. Pwani karibu vyote viko sokoni.

Kila mungu ana anachopenda. Ganesha hupewa ukoka, nyasi ile ile itambaayo uwanjani, ikichumwa vipande 21 vyenye ncha tatu, pamoja na modaka za unga wa mchele zilizojazwa nazi na sukari guru. Shiva hupenda maji na majani ya bilva yenye vidole vitatu. Vishnu, Rama na Krishna hawapewi chakula bila jani la tulsi, jamaa ya mrehani. Uoteshe kwenye chungu na usiuchume baada ya jua kuzama. Devi na Kali hupewa haibiskasi nyekundu, ambayo iko kwenye ua wa nyumba nyingi za pwani. Ganesha hapewi tulsi.

Hatua ya nane: puja ya kila siku

Puja kamili ina huduma 16, tangu kumkaribisha mungu, kumnawisha miguu, kumwogesha na kumvisha, hadi kumpa tambuu baada ya chakula. Ni namna hasa ya kumpokea mgeni mheshimiwa. Kwa siku za kawaida tumia huduma tano. Robo saa inatosha.

Oga, vaa nguo safi, kaa chini ukiwa na kitambaa au mkeka. Washa taa. Kunywa funda dogo la maji mara tatu kutoka kiganjani. Mtaje Ganesha kwanza hata kama si yeye ishta wako, kwa kuwa yeye ndiye afunguaye njia. Kisha fumba macho, mwone ishta wako moyoni, umkaribishe akae.

Sasa sandali. Sugua kijiti cha msandali juu ya jiwe lenye matone machache ya maji mpaka upate uji mzito, umpake kwenye paji la uso kwa kidole cha pete. Kazi hii ya kusugua isiharakishwe. Ndiyo inayotuliza akili kabla ya mengine. Fuata maua. Usiyanuse kabla ya kuyatoa, na usitoe yaliyonyauka. Kisha udi, halafu taa, huku mkono wa kushoto ukigonga kengele. Moto wa udi usiuzime kwa pumzi.

Cha tano ni chakula. Mpishi haonji, maana anayekula kwanza si yeye. Waja wa Vishnu hupika bila kitunguu wala kitunguu saumu. Weka kisahani mbele yake, nyunyiza maji kukizunguka, sema jina lake, kisha funika uso au geuka pembeni dakika chache ili ale. Hata tende mbili au ndizi moja inatosha. Krishna mwenyewe amesema katika Gita (9.26) kwamba jani, ua, tunda au maji, yakitolewa kwa mapenzi, anayapokea. Ukiondoa kisahani, chakula hicho kimekuwa prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa. Kila aliye nyumbani apate, na kisibaki hata punje ya kutupwa.

Maliza kwa arati. Washa kafuri, zungusha moto kufuata mwendo wa saa. Wengi hufuata hesabu hii: mara 4 miguuni, 2 kitovuni, 1 usoni, 7 mwili mzima. Imba arati unayoijua. Usipoijua, rudia jina. Kisha pitisha viganja juu ya moto, uviguse machoni, na uiname.

Kama una wasiwasi kwamba utakosea mpangilio, msikilize Kannappa, mwindaji wa Kalahasti huko Andhra Pradesh. Alimletea Shiva maji mdomoni, maua nyweleni, na nyama aliyoionja kwanza ili ajue kama ni tamu. Kuhani alichukizwa. Siku jicho la linga lilipotoka damu, kuhani hakuwa na la kufanya, Kannappa aling'oa jicho lake akalibandika. La pili lilipoanza kutoka damu aliweka mguu wake pale kama alama, ili akishapofuka apaone, akaanza kung'oa lililobaki. Shiva akamshika mkono. Leo anahesabiwa miongoni mwa watakatifu 63 wa Shiva wa kusini. Kisa hiki hakimpi mvivu ruhusa. Kannappa alitoa alichokuwa nacho chote.

Hatua ya tisa: japa

Japa ni kurudia jina la Mungu. Tasbihi yake, yaani mala, ina shanga 108 na moja kubwa ya ziada. Waja wa Shiva hutumia mbegu za rudraksha, wa Vishnu hutumia mti wa tulsi. Iweke juu ya kidole cha kati, vuta shanga kwa gumba, na kidole cha shahada kikae mbali. Ukifika kwenye shanga kubwa usiivuke. Geuza mala urudi ulikotoka.

Majina ya wazi yanamfaa kila mtu: «Shri Ram Jay Ram Jay Jay Ram», «Om Namah Shivaya», «Om Namo Bhagavate Vasudevaya», «Om Gam Ganapataye Namah». Mpenzi wa Hanuman asome Chalisa ya Tulsidas, beti 40, hasa Jumanne na Jumamosi. Mantra za siri na ibada za maumbo makali kama Bhairava ziache mpaka upate guru, yaani mwalimu wa kiroho, wa kukupa kwa mkono wake. Kumpenda Kali kama mama hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Na akitokea mtu akakwambia mungu wako amekukasirikia na kumtuliza kunagharimu pesa nyingi, ondoka. Ishta hana dalali.

Safari, ugonjwa na msiba

Ukiwa safarini, beba picha ndogo kwenye pochi, na pasipo na nafasi fanya puja yote moyoni: sandali, ua, udi, taa na chakula, kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Wazee wa njia hii huihesabu kuwa ibada halisi. Mgonjwa ataje jina akiwa amelala. Kifo kikitokea katika ukoo, nyumba nyingi husimamisha puja kwa siku za matanga na kumwachia jirani au jamaa wa mbali awashe taa; kuhusu hilo, na kuhusu siku za hedhi, fuata desturi ya nyumba yako, maana zinatofautiana sana. Japa ya moyoni haizuiwi na lolote. Ukikosa siku moja, endelea kesho saa ile ile, usijilipizie kwa puja mbili.

Murti ikivunjika au picha ikichakaa, usiitupe jalalani wala kuiacha chini ya mti barabarani. Mshukuru, mwombe ahamie kwenye picha mpya, halafu upeleke ile ya zamani kwenye maji yanayotembea ikiwa ni ya udongo. Za plastiki na zilizopakwa rangi za kiwandani usizitupe mtoni wala baharini. Picha ya karatasi toa fremu na kioo, uizike mahali safi pasipokanyagwa. Ya shaba iliyopasuka mpelekee kuhani wa hekalu lililo karibu nawe.